Kabla ya kuvuka kizingiti: Mtalii, mzuru na misikiti ya kale ya pwani

Mwezi jana mwanafunzi wangu mmoja alirejea kutoka pwani akiwa na furaha tele. Alikuwa amezuru magofu ya Gedi, karibu na Watamu, na kama ilivyo ada ya vijana wa leo, ushahidi wote wa safari ulikuwa kwenye simu. Akanionyesha picha moja baada ya nyingine: miti mikubwa iliyoota juu ya kuta, makaburi ya nguzo, mabaki ya jumba la mtawala. Kisha ikaja picha aliyoipenda kuliko zote. Ameketi ndani ya mihrabu ya Msikiti Mkuu, mguu mmoja ameupandisha ukutani, miwani ya jua usoni, vidole viwili juu. 'Prof, si hii ni kali?' akaniuliza.

Nilinyamaza kidogo. Ulimi ulikuwa ukiniwasha nimkaripie, lakini nikakumbuka kwamba mimi mwenyewe niliwahi kufanya kosa kubwa kuliko lake, tena katika msikiti uliokuwa na watu ndani.

Ilikuwa katikati ya miaka ya 1980. Nilikuwa mwanafunzi wa uzamili na nilikwenda Lamu kukusanya msamiati. Mimi ni mtu wa bara, nimelelewa kanisani, na Kiswahili changu wakati huo kilikuwa cha darasani na cha redio. Nilipopata ruhusa ya kuingia katika msikiti mmoja wa kale, nilivua viatu mlangoni kwa kuwa nilikwisha kuambiwa hivyo. Basi nikadhani adabu yote imekwishia hapo. Nikatoa daftari, nikaanza kuhesabu nguzo kwa sauti, na katika kuhesabu huko nikakatiza mbele ya mzee mmoja aliyekuwa akiswali peke yake.

Mzee hakusema neno hadi alipomaliza na kutoa salamu. Kisha akanitazama, akatamka neno moja tu: 'Ndoo.'

Nikageuka huku na huku. Nje, kando ya birika, niliona ndoo ya bati. Nikakimbia, nikaibeba, nikampelekea kwa heshima zote. Mzee alicheka mpaka akakohoa. 'Mwanangu, nimekwita wewe,' akasema. Hapo ndipo nilipojifunza kwa aibu kile ambacho vitabu vya lahaja vilikuwa vimekwisha kuandika: katika Kiamu, njia ni 'ndia', njaa ni 'ndaa', na njoo ni 'ndoo'. Baada ya kicheko akanikalisha barazani na kunieleza kwamba mtu anayeswali ana nafasi yake mbele yake, na kwamba kuipita nafasi hiyo ni kumwingilia katika mazungumzo asiyokualika. Hakunifukuza. Alinieleza kama mtu anavyomweleza mtoto wa jirani.

Nimeisimulia aibu yangu kwa sababu naamini tatizo la kijana wangu na tatizo langu ni moja. Wote wawili tulifika mahali penye historia ndefu bila kujua tumefika kama nani. Na lugha yetu, tukiisikiliza vizuri, ina majina ya kutusaidia.

Hebu tulianze neno 'mtalii'. Siku hizi tukilisikia tunamwona mzungu aliyevaa kaptura na kofia pana, kamera shingoni. Lakini kitenzi 'talii' kina asili ya Kiarabu, na ni ndugu wa neno 'mutaala', yaani usomaji au uchunguzi wa jambo kwa makini. Kwa hivyo mtalii, kwa asili ya neno, ni mtu anayesoma mahali kama asomavyo kitabu. Halafu kuna neno 'ziara', nalo la Kiarabu, ambalo kwetu limeshushwa hadhi likawa la waheshimiwa na misafara ya magari yao. Pwani neno hili halijapoteza uzito wake wa zamani. Watu hufanya ziara kwenye makaburi ya wanazuoni, kama ile ya Lamu kwenye kaburi la Habib Swaleh, mwasisi wa Msikiti wa Riyadha, wakati wa Maulidi. Mzuru huenda kwa mtu. Ana mwenyeji, hata kama mwenyeji huyo yumo kaburini. Basi anayeingia msikiti wa kale hana budi kuwa vyote viwili: mtalii anayesoma na mzuru mwenye mwenyeji.

Historia inatupa kielelezo cha mgeni wa namna hiyo. Mwaka 1331 msafiri mashuhuri Ibn Battuta, mzaliwa wa Tangier nchini Morocco, alipita katika pwani yetu akitokea Mogadishu kuelekea Kilwa. Mombasa alilala usiku mmoja tu. Usiku mmoja! Wapo watu wanaokaa Mombasa wiki mbili na wasione alichokiona yeye. Miaka mingi baadaye, simulizi ya safari zake ilipoandikwa, alikumbuka kwamba misikiti ya Mombasa ilikuwa ya mbao na imejengwa kwa ustadi. Alikumbuka kwamba kwenye milango ya misikiti palikuwa na visima vifupi, kina chake dhiraa moja au mbili, na kwamba maji yalitekwa kwa chombo cha mti chenye kijiti chembamba cha kushikia. Msomaji wa pwani hatashindwa kukitambua chombo hicho. Ni jamaa wa kata yetu. Alikumbuka pia kwamba ardhi kuzunguka kisima ilikuwa imesawazishwa, kwamba anayetaka kuingia huosha miguu kwanza, na kwamba mlangoni paliwekwa kitambaa kizito cha kupangusia miguu.

Ibn Battuta alikuwa Mwislamu, tena mwanasheria wa dini. Msikiti haukuwa kitu kigeni kwake. Hata hivyo hakuingia kwa mazoea. Alitua macho yake mlangoni, akaona wenyeji wanavyofanya, na tunaweza kuamini kwamba naye aliosha miguu. Yale machache aliyoyaona kizingitini ndiyo ushuhuda bora tulio nao kuhusu misikiti ya Mombasa ya zama hizo, maana misikiti yenyewe ya mbao haikusalia.

Msomaji asidhani kwamba 1331 ndio mwanzo. Katika miaka ya 1980, wakati huohuo nilipokuwa nikibeba ndoo Lamu, mwanaakiolojia Mark Horton alikuwa akichimbua Shanga, katika kisiwa cha Pate. Chini ya msikiti wa mawe alikuta mabaki ya misikiti mingine iliyotangulia, mmoja juu ya mwingine, hadi kufikia vijengo vidogo vya miti vya karne ya 8. Unguja, katika msikiti wa Kizimkazi, kuna maandishi ya Kikufi yaliyochongwa katika ukuta wa kibla yenye tarehe ya mwaka 500 wa Hijria, sawa na 1107. Mombasa Msikiti wa Mandhry, wenye mnara wake mweupe uliochongoka, hukadiriwa kujengwa 1570. Ulikuwapo kabla Wareno hawajaanza kujenga Fort Jesus mnamo 1593. Na ajabu yake ni kwamba ngome imekuwa makumbusho, lakini msikiti ungali msikiti. Alfajiri ya leo watu wameswali ndani yake.

Sasa mtalii msomaji asome nini? Aanze na kibla. Makka iko kaskazini mwa pwani yetu, kwa hivyo mihrabu, yaani kile kishubaka anachosimama imamu, iko katika ukuta wa kaskazini. Ndiyo maana neno 'kibla' katika Kiswahili cha pwani limetumika pia kwa maana ya upande wa kaskazini. Dira ya baharia na dira ya mwenye kuswali zilikutana katika neno moja. Kisha atazame juu. Dari za majengo ya kale zilibebwa na boriti za mikoko, na mkoko una urefu wake. Hauwezi kuvuka ukumbi mpana bila kushikiliwa. Ndipo zikawekwa safu za nguzo ndani ya misikiti, na mara nyingine safu moja ikapita katikati kabisa, ikamziba imamu machoni mwa baadhi ya maamuma. Mgeni asiyesoma atasema fundi alikosea. Anayesoma atauona mkono wa msitu wa mikoko katika umbo la nyumba ya ibada.

Kisha aliangalie birika. Hapa wanafunzi wangu wa bara huteleza kila mwaka. Wakisikia 'birika la msikiti' wanafikiria chai. Kumbe Kiswahili kimeyafanya maneno mawili ya Kiarabu yafanane: 'ibrik', chombo chenye mdomo cha kumiminia, na 'birka', hodhi la maji. La kwanza liko jikoni; la pili ndilo lililo msikitini, mahali pa kutawadhia. Katika mabirika mengi ya kale utaona sakafuni vipande vya matumbawe vyenye mikwaruzo, vilivyowekwa ili mtu asugulie nyayo zake. Gedi vipo. Ukivitazama unamkumbuka Ibn Battuta na kitambaa chake cha kupangusia miguu. Kijana wangu alivipita vipande hivyo akienda kupiga picha katika mihrabu. Alikanyaga ukurasa wa kitabu bila kuusoma.

Lakini pwani haikupata wageni wa aina ya Ibn Battuta peke yao. Mwaka 1505 Francisco de Almeida alifika na merikebu zake, akaivamia Kilwa na kisha Mombasa, mji ukaporwa na kuchomwa moto. Huyo naye alikuwa mgeni, ila hakubisha hodi. Baadaye wakaja wageni wa aina ya tatu, wasio na mizinga. Katika magofu mengi ya pwani utaona vishimo vya duara katika mihrabu na nguzo za makaburi. Humo zilipachikwa bakuli na sahani za kauri zilizoletwa na biashara ya Bahari ya Hindi, nyingine kutoka Uchina. Nyingi zimeng'olewa. Kila aliyeng'oa pengine alijiambia kwamba anachukua moja tu kwa ukumbusho. Kishimo kimoja na kingine, mpaka ukuta ukabaki kama uso wenye ndui.

Leo hatung'oi kauri, tunang'oa picha. Sisemi kupiga picha ni wizi. Nasema kuna namna ya kuchukua picha inayofanana na ile ya kuchukua bakuli: unakuja, unachukua, unaondoka, na mahali pale hapakubakiza chochote ndani yako. Na lugha ya matangazo yetu inachochea hali hii. Tunaiita misikiti ya kale 'vivutio vya utalii', katika orodha moja na simba, fukwe na hoteli. Kivutio ni kitu kinachovuta, na anayevutwa halaumiwi. Ameshalipa kiingilio, basi anataka haki yake.

Kiswahili kina neno jingine la misikiti hii, nalo ni 'wakfu'. Mali ya wakfu imetolewa kwa ajili ya Mungu. Haiuzwi, hairithiwi, haitolewi zawadi. Ndugu zangu Wakristo wa bara, neno hili mnalo. Mnalitumia kila mara askofu anapotawazwa au kanisa jipya linapofunguliwa: mnasema limewekwa wakfu. Mmelipata wapi kama si katika lugha iliyokomazwa kando ya misikiti hii? Vivyo hivyo 'ibada', 'sadaka', 'dhambi' na 'imani'. Na kisa cha Musa kuamriwa avue viatu kwa sababu amesimama mahali patakatifu kimo katika Biblia na kimo katika Kurani. Kwa hiyo Mkenya wa bara anayesimama katika mlango wa msikiti wa Lamu hajafika ugenini kabisa. Amefika kwa jamaa aliyemwazima maneno ya kuombea.

Baada ya kusema hayo, adabu zenyewe hazina ugumu. Wahenga walisema ukienda kwa wenye chongo, funga lako jicho. Bisha hodi kwanza. Mtafute imamu, mwadhini, mzee wa barazani au mwongozaji wa mji, umwulize kama wasiokuwa Waislamu huingia, na kama wanawake huingia, na kwa mlango upi. Desturi hutofautiana baina ya msikiti na msikiti, hata katika mtaa mmoja, kwa hiyo jibu la jana la msikiti ule si jibu la leo la msikiti huu. Usiende saa za swala, na hasa mchana wa Ijumaa, siku ambayo jina lake lenyewe lina maana ya mkusanyiko. Katika Ramadhani zidisha uangalifu. Chupa ya maji na biskuti ziache mkobani.

Vaa nguo inayofunika mabega na magoti, wanaume kwa wanawake. Mwanamke akiwa na leso au mtandio wa kujifunika kichwa, atakuwa amejitayarisha vyema. Viatu vivuliwe pale wenyeji wanapovulia, visibebwe na kulazwa juu ya mswala. Usipite mbele ya anayeswali. Usiguse msahafu bila idhini. Simu iwe kimya. Omba ruhusa ya picha, na hata ukipewa, usimpige picha mtu anayetawadha wala anayesujudu. Huyo hayuko kwenye maonyesho. Mihrabu na mimbari si viti vya mapumziko. Ukipenda kutoa sadaka, uliza penye sanduku.

Na ukiambiwa usiingie, je? Hapa ndipo adabu inapopimwa. Wengi hukasirika. 'Tumetoka Nairobi saa kumi na mbili!' Najua hoja yao, na si ya kupuuzwa. Wanasema urithi huu ni wa taifa. Mji Mkongwe wa Lamu uliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia mwaka 2001, na Gedi mwaka 2024. Tuna hata sheria ya makumbusho na urithi ya 2006. Urithi wa wote utafungiwaje baadhi? Jibu langu ni kwamba jengo linaweza kuwa urithi wa dunia nzima na bado likawa na wenyewe. Kaburi la babu yako linaweza kutufundisha sote historia, lakini hatutalifikia kwa kuruka ua. Aliyekataliwa mlangoni hajapoteza safari. Kuna mlango wenyewe wa kusoma, kuna kisima, kuna chokaa, kuna mnara. Kuna baraza, lile benchi la mawe wanapoketi wazee, lililotupatia Baraza la Mawaziri na baraza la chifu. Mimi nilijifunza mengi zaidi katika saa moja ya barazani kuliko katika nguzo zote nilizohesabu ndani.

Wapo pia watakaosema kwamba Gedi ni gofu, haina paa wala mwadhini tangu ulipohamwa mji katika karne ya 17, na kwamba tangu James Kirkman aanze kuchimbua hapo mnamo 1948 pamekuwa mahali pa taaluma tu. Ni kweli kwamba hapaswaliwi. Lakini nimwulize msomaji: kanisa la kijijini kwenu likiporomoka, utafurahi kumwona mgeni amepandisha mguu juu ya madhabahu? Nyumba ya ibada ikifa huzikwa kwa heshima kama mtu.

Hofu yangu ni hii. Wageni wakiendelea kuingia bila hodi, milango itafungwa, na wenye kuifunga hawatakuwa na kosa. Na ikifungwa, hasara kubwa haitakuwa ya mzungu mwenye kamera. Yeye atakwenda Istanbul. Itakuwa ya mwanafunzi wa Kakamega, Meru au Kisii atakayehitimu shahada ya Kiswahili bila kuwahi kuiona nyumba ambamo sehemu kubwa ya maandishi ya lugha hiyo ililelewa, kwa hati za Kiarabu, na watu waliokuwa wakiswali humo mara tano kwa siku.

Kwa hivyo nina maombi mawili. La kwanza ni kwetu sisi walimu na wahadhiri: tusiwapakie wanafunzi ndani ya basi kabla ya kuwafundisha somo la kizingiti. La pili ni kwa kamati za misikiti na wasimamizi wa magofu. Vibao vingi vya kuwaelekeza wageni nilivyoviona vimeandikwa Kiingereza, kana kwamba mgeni lazima atoke ng'ambo. Tuandikieni kwa Kiswahili pia. Sisi tunaotoka bara nasi ni wageni wenu, na aghalabu tunakosea kwa kutojua wala si kwa dharau.

Nilimsimulia kijana wangu kisa cha ndoo. Akacheka, kisha akaitazama tena picha yake kwa muda, akaifuta bila kuambiwa. Sasa anataka kurudi Gedi mwezi wa nane. Ameniuliza vile vipande vya matumbawe viko upande gani wa msikiti. Nimemwambia aende akavitafute mwenyewe, aanzie mlangoni.